Kutoka Amri hadi Sababu: Uhakiki wa Lugha ya Mpango wa Jaribio la Kupima Ukolezi wa Maji ya Chokaa

Ikisiri

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umejikita kwa muda mrefu katika istilahi. Makala haya yanahakiki jambo lililopewa nafasi ndogo katika mjadala huo, yaani matini yenyewe ambamo istilahi hukaa. Mfano uliochaguliwa ni mpango wa jaribio la kupima ukolezi wa mmumunyo wa alkali, na hasa maji ya chokaa. Mipango miwili iliyoundwa kwa ajili ya uchambuzi huu inalinganishwa: mmoja umeandikwa kwa amri tupu, mwingine kwa sababu. Inaonyeshwa kwamba mpango wa kwanza una istilahi zote zinazohitajika, lakini haumfikirishi mwandishi wake wala haumwezeshi msomaji kumsahihisha. Makala yanadai kwamba sarufi ya Kiswahili, hasa hali ya masharti, hali tegemezi na vishazi vya sababu, inatosha kubeba fikra za kimaabara, na kwamba kinachokosekana ni utamaduni wa kuiandika. Mapendekezo yanatolewa kwa waandaaji wa mitaala, vitabu na mitihani.

Maneno ya msingi: mpango wa jaribio, ukolezi, alkali, maji ya chokaa, matini ya kisayansi

1.0 Utangulizi

Maji ya chokaa ni miongoni mwa vitu vya kwanza vya kemia ambavyo mtoto wa Afrika Mashariki hukutana navyo. Katika somo la sayansi la shule ya msingi, mwanafunzi hupuliza pumzi kwa mrija ndani ya maji hayo, nayo hugeuka rangi ya maziwa. Huambiwa kwamba pumzi yake ina kabonidayoksaidi. Nchini Tanzania somo hilo husomwa kwa Kiswahili katika shule nyingi za umma, na mtoto anaweza kulisimulia nyumbani bila kutafuta neno.

Miaka michache baadaye maji yaleyale humrudia akiwa sekondari, safari hii yakiwa na swali jingine. Haulizwi tena kama yanageuka rangi. Anaulizwa yana hidroksaidi ya kalsiamu kiasi gani katika kila lita, na anatakiwa apange jaribio la kulijibu swali hilo. Anapewa maji ya chokaa yenye takribani gramu 1.5 kwa lita, asidi hidrokloriki ya moli 2.00 kwa lita, na vyombo vya kawaida vya maabara. Kabla ya kugusa chombo chochote, sharti aandike atakachofanya na kwa nini.

Zoezi hilo ni dogo, lakini linadai mengi katika lugha. Taarifa ya jaribio husimulia yaliyokwisha kutokea. Mpango huandika yasiyotokea bado, pamoja na yale ambayo yangetokea kama mambo yangefanywa vingine. Mwenye kupanga hulazimika kutabiri, kulinganisha, kukataa njia moja na kuchagua nyingine. Kwa hiyo mpango ni matini ya hoja, ingawa mara nyingi hufundishwa na kuandikwa kama orodha ya hatua.

Makala haya yanaihakiki matini hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi haupimwi kwa wingi wa istilahi zilizosanifiwa pekee. Hupimwa pia kwa ubora wa sentensi zinazoziunganisha istilahi hizo, na sentensi hizo hazijapata wahakiki wa kutosha.

2.0 Swali la Kiasi na Chimbuko Lake

Njia inayotumika kujibu swali la maji ya chokaa ni titresheni, yaani kuudondoshea mmumunyo usiojulikana mmumunyo mwingine ambao ukolezi wake unajulikana, mpaka viwili hivyo vimalizane. Kiasi kilichodondoshwa ndicho huzaa jibu.

Njia hii haikuzaliwa katika chumba cha mitihani. Mwaka 1756 daktari wa Edinburgh, Francis Home, aliandika kuhusu upaushaji wa vitambaa. Wapaushaji walinunua majivu ya alkali, nao walihitaji kujua kama waliyouziwa yalikuwa na nguvu waliyoilipia. Home aliyapima kwa kuyatilia asidi kwa kijiko cha chai, akihesabu vijiko mpaka povu likome. Mwanzoni mwa karne ya 19, François Descroizilles wa Ufaransa alitengeneza chombo maalumu cha kupimia alkali za biashara, na mwaka 1855 Karl Friedrich Mohr wa Ujerumani alichapisha kitabu kilichoiimarisha taaluma nzima ya upimaji wa namna hii.

Historia hiyo ina funzo la kiisimu. Swali la ukolezi wa alkali liliulizwa kwanza kwa lugha ya soko na ya jikoni: kijiko, povu, bei. Istilahi zilifuata baadaye, wakati hoja ilikwisha kusimama. Katika mwambao wa Afrika Mashariki nako maarifa ya alkali ni ya kale. Chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe ndiyo iliyojenga nyumba za mawe za Kilwa, Lamu na Unguja. Mtafuna tambuu hujua kwamba chokaa ikipungua uraibu haunogi, na ikizidi huunguza mdomo. Mpishi hujua kipimo cha magadi yanayolainisha maharage bila kuyaharibu ladha. Wote hawa wanajua kwamba kiasi kina matokeo. Wasichokuwa nacho ni namba, na kazi ya mpango wa jaribio ni kuwavusha kutoka ujuzi wa ulimi hadi ujuzi wa namba.

3.0 Mipango Miwili

Mipango ifuatayo imeundwa kwa ajili ya uchambuzi. Wa kwanza unafuata mtindo uliozoeleka wa maelekezo ya maabara:

Mpango A. "Chukua asidi. Izimue kwa maji. Suuza bureti. Jaza asidi kwenye bureti. Pima mililita 25 za maji ya chokaa kwa pipeti, uyatie kwenye chupa. Ongeza matone ya kiashiria. Dondosha asidi mpaka rangi ibadilike. Soma bureti. Rudia mara tatu. Kokotoa ukolezi."

Wa pili unalenga jaribio hilohilo:

Mpango B. "Maji ya chokaa yana takribani gramu 1.5 za hidroksaidi ya kalsiamu kwa lita. Kwa kuwa moli moja ya hidroksaidi hii ni gramu 74, ukolezi wake unakadiriwa kuwa moli 0.020 kwa lita. Kila moli yake humalizwa na moli mbili za asidi hidrokloriki. Kama asidi ya moli 2.00 ingetumiwa jinsi ilivyo, mililita 25.0 za maji ya chokaa zingehitaji takribani nusu mililita tu ya asidi, kiasi ambacho bureti haiwezi kukipima kwa uhakika. Kwa hiyo asidi itazimuliwa mara 50: mililita 5.0 zitachukuliwa kwa pipeti na kutiwa katika chupa ya ujazo ya mililita 250, kisha maji yaliyokenekwa yataongezwa hadi kwenye alama. Asidi itakayopatikana itakuwa ya moli 0.0400 kwa lita, na kiasi kitakachohitajika kitakuwa takribani mililita 25. Bureti itasuuzwa kwa asidi hiyo iliyozimuliwa, kwani maji yakibaki ndani yake yataizimua zaidi. Chupa ya koni itasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa peke yake, kwani masalio ya maji ya chokaa yangeongeza alkali isiyohesabiwa. Maji ya chokaa yatachujwa na kufunikwa muda wote, kwa sababu hewa ina kabonidayoksaidi ambayo huigeuza hidroksaidi kuwa kaboneti na kupunguza ukolezi unaotafutwa. Matone mawili ya fenoftalini yataongezwa, na asidi itadondoshwa mpaka rangi ya waridi itoweke. Jaribio la kwanza litakuwa la kukadiria. Mengine yatarudiwa mpaka matokeo mawili yatofautiane kwa mililita 0.10 au pungufu, na wastani wa hayo ndio utakaotumika."

Mipango hii inakaribiana sana kwa istilahi. Bureti, pipeti, kuzimua na ukolezi zimo katika yote miwili. Mtathmini anayehesabu istilahi angeipa mipango hii alama zinazokaribiana. Hata hivyo, mwanafunzi wa Mpango A anaweza kumaliza kazi yake yote bila kujua kwamba amekosea, na msomaji wake hawezi kujua amekosea wapi. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili uhakiki.

4.0 Uchambuzi

4.1 Amri na Masharti

Mpango A una vitenzi vya amri kutoka mwanzo hadi mwisho. Amri ina heshima yake katika maabara. Mwanafunzi anapokaribia kumwagikiwa na asidi, "Sogea!" ni sentensi bora kuliko aya nzima ya maelezo. Hata karatasi inayobandikwa mezani wakati wa jaribio hufaa iwe ya amri fupi. Lakini amri hutoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua. Mwanafunzi anapoandika "Izimue kwa maji", anamwamuru nani? Ndiye mpangaji na ndiye mtendaji. Amejivika sauti ya mwalimu, na kwa kuwa mwalimu hakuwahi kutoa sababu katika maelekezo yake, naye hazitoi.

Sentensi iliyo moyo wa Mpango B ni ile ya "-nge-": "Kama asidi ya moli 2.00 ingetumiwa jinsi ilivyo ... zingehitaji takribani nusu mililita tu." Hapo jaribio ambalo halitafanywa limefanywa kwa lugha, likaonekana halifai, likaachwa. Hakuna chombo kilichotumika wala asidi iliyopotea. Kupanga, kwa maana halisi, kumo katika sentensi hiyo. Mpango A hauna nafasi ya kuiweka, kwa kuwa amri haijui kusema lile lisilofanywa na kwa nini halifanywi.

Inafaa kusisitizwa kwamba "-nge-" si sarufi ngeni kwa mwanafunzi. Huitumia kila siku katika majuto, utani na mabishano ya mpira: wangemwingiza yule mapema, wangeshinda. Darasa la lugha humfundisha kiambishi hicho kwa mifano ya utajiri na mvua. Darasa la sayansi halimwiti. Kwa hiyo kifaa cha kufikiria anacho, ila hajaambiwa kwamba mahali pake pengine ni maabara.

4.2 "Suuza" na Sababu Iliyofichwa

Kitenzi "suuza" kinaonyesha jinsi neno lililo wazi linavyoweza kupotosha likikosa sababu. Katika matumizi ya kawaida, kusuuza ni kumalizia kuosha kwa maji safi: vyombo husuuzwa, nguo husuuzwa. Anayesoma "Suuza bureti" na kuisuuza kwa maji ametii lugha yake kikamilifu. Ameharibu jaribio lake vilevile, kwa kuwa maji yaliyobaki kwenye kuta za bureti yatazimua asidi, kiasi kikubwa zaidi kitahitajika, na maji ya chokaa yataonekana kuwa na ukolezi mkubwa kuliko ule halisi.

Tatizo hili halitatuliwi kwa kubuni istilahi mpya ya kusuuza kwa asidi. Linatatuliwa kwa kishazi kimoja: "kwani maji yakibaki ndani yake yataizimua zaidi." Kishazi hicho kinaeleza pia kwa nini chupa ya koni husuuzwa kinyume chake. Maji yanayobaki humo hayabadilishi idadi ya moli za alkali iliyotiwa kwa pipeti, lakini masalio ya maji ya chokaa huibadilisha. Mwanafunzi anayejua sababu hahitaji kukariri chombo gani husuuzwa kwa nini. Ataweza kujiamulia hata atakapokutana na chombo asichowahi kukiona.

Ufupi wa Mpango A unaficha kosa jingine kubwa zaidi, nalo ni ukimya wake kuhusu hewa. Mtoto aliyepuliza pumzi katika maji ya chokaa akiwa shule ya msingi anajua tayari kwamba kabonidayoksaidi huyageuza. Chupa iliyoachwa wazi mezani inapulizwa na chumba kizima, polepole, nayo hidroksaidi inapungua. Mpango wa amri haumpi sababu ya kuliunganisha somo la zamani na kazi ya sasa. Mpango wa sababu unamlazimisha kuliunganisha, na kwa lugha ileile aliyolisomea mara ya kwanza.

4.3 "Kali" na "Kolea"

Hapa uhakiki unapaswa kukiri ugumu halisi ulio katika msamiati. Kivumishi "-kali" hubeba dhana tatu ambazo kemia huzitenganisha. Kwanza ni nguvu ya besi, yaani kiwango ambacho chembe zake hutengana ndani ya maji. Pili ni ukolezi, yaani wingi wake katika ujazo fulani. Tatu ni hatari yake kwa ngozi na macho. Katika mazungumzo ya kawaida yote matatu ni "ukali". Zaidi ya hayo, sikio la Kiswahili huweza kusikia "kali" ndani ya "alkali" na kudhani kwamba ukali ndio asili ya neno, ilhali neno lenyewe lina chimbuko la Kiarabu na lilihusu majivu ya mimea.

Maji ya chokaa yanaufichua mkanganyiko huu vizuri. Hidroksaidi ya kalsiamu ni besi yenye nguvu, kwa kuwa sehemu yake iliyomumunyuka hutengana karibu yote. Lakini humumunyuka kidogo mno, takribani gramu 1.7 kwa lita katika nyuzi 20 za Selsiasi, hivyo maji ya chokaa hayawezi kuwa na ukolezi mkubwa hata yakishiba. Kaboneti ya sodiamu, iliyo kiini cha magadi, ni kinyume chake: ni besi dhaifu, lakini maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba zaidi ya gramu 200 zake kwa lita. Ipi ni "kali"? Swali hilo halina jibu mpaka liulizwe upya kwa maneno mawili tofauti.

Istilahi "ukolezi" inasaidia, lakini nayo ina kumbukumbu zake. Imetokana na kukolea, na kukolea ni kufikia kiwango kinachotakiwa au kupita. Chumvi iliyokolea imetosha, rangi iliyokolea imeiva, moto uliokolezwa umewaka. Kinachokolea kimeelekea kwenye wingi. Hivyo "ukolezi mdogo" husikika mwanzoni kama kujipinga, na mwanafunzi anaweza kudhani kwamba mmumunyo uliozimuliwa sana hauna ukolezi kabisa. Mwalimu anayelijua hili halikimbii. Huanza na chumvi ya mchuzi, akaonyesha kwamba katika kemia ukolezi ni kiasi chochote, kikubwa au kidogo, kama vile urefu ulivyo wa mfupi na wa mrefu. Akishafika hapo, "kuzimua" humpa upande wa pili wa dhana bila shida, kwani kila aliyeongeza maji katika maziwa au kinywaji kikali anakielewa kitenzi hicho.

Jambo hili lina uzito nje ya shule. Watengenezaji wadogo wa sabuni mijini hutumia kostiki soda, ambayo ina nguvu na pia humumunyuka kwa wingi. Anayeambiwa tu kwamba dawa hiyo "ni kali" hajaambiwa kama itapungua madhara ikizimuliwa, kwa kiasi gani, wala kwamba inapotiwa katika maji hutoa joto jingi. Lugha inayotenganisha nguvu, ukolezi na hatari ni kinga ya macho na mikono.

4.4 Namba kama Sehemu ya Sentensi

Mpango A unasema "mililita 25", Mpango B unasema "mililita 25.0". Mhakiki wa lugha anaweza kuiona nukta hiyo kuwa jambo la kemia lisilomhusu. Inamhusu. Sifuri ya mwisho ni dai: mpimaji anasema alipima hadi sehemu ya kumi ya mililita. Kuiacha ni kunyamaza, na kuiongeza bila kupima hivyo ni kusema uongo.

Uamuzi wa kuzimua asidi umejengwa juu ya dai la namna hiyo. Kila usomaji wa bureti ya kawaida una shaka ya takribani mililita 0.05, na titresheni moja ina usomaji mara mbili, hivyo shaka yaweza kufikia mililita 0.10. Katika nusu mililita, shaka hiyo ni takribani asilimia 20. Katika mililita 25, ni asilimia 0.4. Hesabu hii fupi ndiyo inayoligeuza neno "izimue" kutoka desturi hadi uamuzi. Mwanafunzi wa Mpango A amezimua kwa sababu huwa inazimuliwa, wala hakusema mara ngapi. Akizimua mara mbili tu, atakuwa ameitii amri yake neno kwa neno na jaribio lake litabaki bure.

Hapa pia Kiswahili kinahitaji uangalifu. Neno "usahihi" hutumika kwa ukaribu wa jibu na ukweli na pia kwa ukaribu wa majibu yenyewe kwa yenyewe. Mambo hayo hutofautiana. Bureti iliyosuuzwa kwa maji katika kila jaribio yaweza kutoa majibu matatu yanayokubaliana vizuri na yote yakawa na kosa moja. Mpango B unayaita matokeo hayo "yanayotofautiana kwa mililita 0.10 au pungufu", maelezo marefu kuliko istilahi moja, lakini yasiyoweza kueleweka vibaya. Pale ambapo istilahi haijakubalika, maelezo yaliyo wazi ni bora kuliko istilahi iliyopachikwa.

5.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba istilahi lazima zitangulie. Haiwezekani kuandika sababu bila majina ya vitu. Pingamizi hili lina ukweli, na kazi iliyofanywa ni kubwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi kwamba majina ya msingi yamekuwapo kwa zaidi ya miongo mitatu. Lakini muda huohuo unageuka kuwa swali: ikiwa majina yapo, kwa nini matini bado ni haba? Kamusi humpa mwandishi maneno. Haimpi mfano wa aya.

Pingamizi la pili ni kwamba Mpango B ni mrefu na wenye vitenzi vingi vya kutendwa, "itazimuliwa", "zitachukuliwa", "yatachujwa", vinavyomficha mtendaji. Pingamizi hili ni la haki. Kauli ya kutendwa ikizidi huichosha sentensi ya Kiswahili, na katika mpango hakuna ubaya kwa mwanafunzi kuandika "nitaizimua". Kinachotetewa hapa ni sababu, ambayo hukaa vizuri katika kauli zote mbili. Ama urefu, mpango uliofupishwa kwa kuondoa sababu zake umepoteza kile ulichoandikiwa.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Huulizwa kuna faida gani kuimarisha matini ya Kiswahili ya maabara ya sekondari wakati mitihani ya kemia ya Kenya na Tanzania hufanywa kwa Kiingereza. Jibu ni kwamba mwanafunzi hapangi kwa lugha ya karatasi ya mtihani pekee. Hupanga kwa kunong'ona na mwenzake, kwa kuuliza, kwa kubishana, na katika madarasa mengi mabishano hayo hufanyika kwa Kiswahili. Asipowahi kuona hoja ya kimaabara ikiandikwa kwa lugha anayobishania, hubaki na mafungu mawili yasiyokutana: sababu zisizoandikwa kwa Kiswahili, na hatua zilizokaririwa kwa Kiingereza. Mpango A, kwa lugha yoyote, ndio mazao ya mgawanyiko huo.

6.0 Athari kwa Sera na Mitaala

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote za elimu, ingawa sayansi ya sekondari imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2017, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar. Milango imefunguka kwa viwango tofauti. Swali ni nini kitapitishwa ndani yake. Uchambuzi uliotangulia unaelekeza kwenye hatua nne.

Kwanza, vyombo vya usanifishaji viambatanishe istilahi na matini za mfano. Orodha ya istilahi za upimaji wa kemia inayotolewa bila hata mpango mmoja wa jaribio uliokamilika inamwachia mwalimu kazi iliyo ngumu kuliko zote.

Pili, taasisi za mitaala zitenganishe tanzu tatu ambazo sasa huchanganywa: maelekezo ya mezani, yanayofaa amri, taarifa ya jaribio, inayofaa wakati uliopita, na mpango, unaohitaji wakati ujao, masharti na sababu. Walimu wa Kiswahili na walimu wa kemia wanaweza kuufundisha utanzu wa tatu kwa pamoja. Sarufi ya "-nge-" ingepata kazi, na kemia ingepata lugha.

Tatu, miongozo ya kusahihisha itoe alama kwa uamuzi ulioelezwa. "Asidi itazimuliwa mara 50" bila sababu isipate alama sawa na sentensi hiyo ikiwa na hesabu yake. Kinachotuzwa katika mtihani ndicho hufundishwa darasani.

Nne, matini hizi zijaribiwe kuvuka mipaka kabla ya kuchapishwa. Hidroksaidi ya kalsiamu, tofauti na sukari, humumunyuka zaidi maji yakiwa baridi kuliko yakiwa moto, hivyo maji ya chokaa yaliyoshiba yanayotayarishwa Mombasa hayatakuwa na ukolezi sawa na ya Mbeya. Mpango unaoeleza sababu utamkumbusha mwalimu wa kila mji kuandika nyuzi joto za maji yake. Mpango wa amri utampa kila mmoja hatua zilezile na kumwacha ashangae kwa nini majibu yake hayalingani na ya kitabu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mpango wa jaribio la kupima ukolezi wa maji ya chokaa unaweza kuwa na istilahi zote na bado usiwe mpango. Kinachoupa uhai ni vishazi vidogo ambavyo Kiswahili kinavyo tangu zamani: kwa kuwa, kwani, la sivyo, kama ingekuwa. Ugumu wa kweli upo, hasa katika maneno "kali", "ukolezi" na "usahihi", na haufai kufichwa. Lakini ni ugumu unaotatuliwa kwa sentensi zilizoandikwa vizuri kabla ya kutatuliwa kwa kamati.

Mwanafunzi aliyepuliza pumzi katika maji ya chokaa akaona yakigeuka maziwa alikuwa ameanza kuuliza kwa nini. Lugha aliyoulizia inastahili kuandikiwa jibu, na jibu hilo linapaswa kuwa na kiasi, shaka yake, na sababu ya kila hatua.